Swali Moja kwa Mama wa Ukungu

Mama mdogo alikuja kukaa kwetu Igowole mwaka ambao kijiji kilikuwa bado kinanuka miti mibichi. Tulikuwa tumehamishwa kutoka vilimani, kila ukoo kutoka upande wake, tukapangwa mistari kama miche ya chai, nyumba moja ikitazama mgongo wa nyingine. Watu waliokuwa wakionana gulioni na kwenye misiba tu, sasa walisikia kikohozi cha mwenzao kila asubuhi. Tulikuwa karibu, lakini hatukujuana. Baadaye nimeulizwa mara nyingi ilikuwaje majirani wakaamini jambo lile, nami sina jibu zaidi ya hilo.

Alikuwa mdogo wake mama, aliyemfuata ziwa. Alikuwa ameolewa Ubaruku, huko chini kwenye mashamba ya mpunga, akarudi na mfuko mmoja wa nguo na blanketi. Wakubwa walisema ndoa imemshinda. Sisi watoto hatukuambiwa zaidi ya hapo, na hatukuuliza. Alikuwa mrefu, msemaji wa polepole, na alipocheka alijiziba mdomo kwa kiganja kana kwamba kicheko si chake. Baridi ya Mufindi ilikuwa imemtoka mwilini kwa miaka aliyokaa kwenye joto, kwa hiyo alivaa koti kuukuu la baba kuanzia asubuhi mpaka anapolala, hata akisonga ugali.

Mchezo ulianza mwezi wa sita, shule zikiwa zimefungwa. Mwezi huo ukungu hupanda kutoka bondeni na kukaa mpaka saa tano, na siku nyingine hauondoki kabisa. Tulikuwa watoto wanne ndani ya jiko moja, mimi mkubwa wao nikiwa na miaka kumi, na tulikuwa tunagombana mpaka mama akatishia kututoa nje tukagombane na mvua. Mama mdogo akaweka chini sufuria aliyokuwa akiisugua. Akachukua bonge la udongo mweupe uliobaki tulipopaka kuta, akaanza kuchora sakafuni.

Alichora mto, kisha daraja, kisha msitu, kisha mji wenye ukuta kule mwisho, karibu na mafiga. Njia aliichora kwa vitone, na mahali pengine ilijigawa mara mbili au tatu. Akapasua mwanzi vipande vinne vifupi, kila kimoja na upande wa tumbo na upande wa mgongo. Ukivirusha, unahesabu matumbo yaliyotazama juu, hizo ndizo hatua zako. Ikitokea migongo mitupu, hatua ni za adui. Kila mmoja wetu alichagua punje ya haragwe iwe ndiyo yeye. Nyekundu ilikuwa na mbio. Nyeupe iliona mbali. Nyeusi haikuogopa giza. Ile ya madoadoa ilijua lugha ya wanyama, na ndiyo tuliyoigombania wote. Adui alikuwa kokwa la pichi.

Siku ya kwanza adui alikuwa jitu la jicho moja linalokula watu. Tulilishinda. Siku ya pili tukalishinda tena. Siku ya tatu mdogo wangu wa kiume alisema jitu hili ni pumbavu, tufanye kitu kingine. Mama mdogo hakuudhika. Aliendelea na vyombo vyake, akivisugua kwa majivu, na nilimwona anawaza. Kesho yake alituambia jitu limehama nchi ile, halikupata chakula cha kutosha, na mahali pake amekuja mwingine.

Huyo aliitwa Mama wa Ukungu. Alipanda na ukungu kutoka bondeni, akiwa na kikapu kikubwa mgongoni, na alichukua watoto waliobaki nyuma ya wenzao. Hakuwala. Aliwaweka. Na kulikuwa na sheria mpya: ukikamatwa, kabla hujaingia kikapuni, una haki ya kumuuliza swali moja, naye lazima ajibu kweli.

Alipomsemea Mama wa Ukungu hakunguruma kama tulivyozoea kwa masimulizi ya mazimwi. Alishusha sauti, akawa kama mtu aliyekuja mlangoni kuomba chumvi. Hapo ndipo tuliogopa kwelikweli. Mdogo wangu, yule aliyelidharau jitu, alishika shuka la mama na hakuliachia mpaka mchezo ulipokwisha.

Nilimuuliza mama mdogo siku moja tukichambua mboga kwa nini huyu anatisha na lile jitu halikutisha. Alifikiri, halafu akasema:

"Lile halikuwa na shida yoyote. Ni kama jiwe njiani, unalizunguka. Adui mzuri ni yule ambaye ukimsikiliza sana unasahau wewe uko upande gani."

Nimeishi na maneno hayo miaka mingi. Mwanangu wa mwisho anafanya kazi mjini ya kutunga michezo ya kompyuta, ile ya mapanga na mazimwi na falme zisizokuwepo. Mwaka mmoja alinikalisha mbele ya kioo anionyeshe kazi yao. Kulikuwa na mfalme wa pepo mwenye pembe, amechorwa vizuri, moto unamtoka puani. Nikamuuliza mfalme huyu anataka nini. Akasema anataka kuiangamiza dunia. Nikamuuliza akishaiangamiza ataishi wapi. Akacheka, kisha akaniomba nimweleze kwa nini nimeuliza hivyo. Nilimweleza habari ya vile vipande vya mwanzi na punje za maharage. Sehemu iliyobaki sikumweleza. Ndiyo hii ninayoiandika.

Watoto wa jirani walianza kuja. Mwisho wa likizo tulikuwa saba au wanane jikoni, tumebanana, na hata shule zilipofunguliwa walikuja Jumamosi baada ya kufua sare. Kati yao kulikuwa na mtoto mdogo wa kike wa nyumba iliyokuwa mbele ya yetu, wa miaka sita hivi, mtoto pekee wa mama yake. Alikuwa na kamasi zisizokauka na macho ya mtu mzima. Sisi tulikimbia tusikamatwe. Yeye alichelewa makusudi, akakaa penye kitone kimoja mpaka kokwa limfikie, ili apate kuuliza.

"Unakula nini?" alimuuliza mara ya kwanza.

"Ugali, kama wewe," mama mdogo alijibu kwa ile sauti ya chini. "Ila wangu umepoa, kwa sababu hakuna anayenisubiri."

Siku nyingine alimuuliza kama anajua kusuka nywele, na siku nyingine kama kikapuni kuna baridi. Tulichoka naye, tukasema anaharibu mchezo. Lakini Jumamosi moja, wakati mvua inapiga bati la jirani, alikamatwa tena, akauliza lile ambalo sisi wote hatukuwahi kulifikiria.

"Kwa nini unachukua watoto wa wenzio?"

Mama mdogo alilitazama kokwa mpaka maharage jikoni yakafurika na kuzima moto upande mmoja. Hakuna aliyeinuka.

"Wangu walichukuliwa," alisema mwishowe. "Watatu, mmoja baada ya mwingine. Nilipiga kelele mpaka milangoni mwa majirani, hakuna aliyetoka kwenda kuwatafuta. Ndiyo maana mimi ndiye ninayechukua sasa. Na wao wajue nyumba iliyo kimya inavyokuwa."

Yule mtoto akamtazama. Akasema, "Pole, mama." Halafu akaisogeza punje yake mwenyewe, bila kurusha mwanzi, akaiweka ubavuni pa kokwa. Hapakuwa na sheria ya jambo hilo. Tulimtazama mama mdogo atuambie nani ameshinda. Yeye aliinuka, akatoka nje na koti la baba, na aliporudi uso ulikuwa umelowa, akasema ni mvua.

Jumamosi iliyofuata alimpa yule mtoto punje ya madoadoa, akatangaza kuwa ni yake daima, hakuna wa kumnyang'anya. Mimi nilikuwa nimeiomba punje ile tangu mwezi wa sita. Mimi ndiye niliyekuwa wa damu yake, ndiye niliyemchotea maji ya kuoga siku alipofika. Niliendelea kucheza, nikirusha mwanzi kwa nguvu mpaka vipande vikaruka na kuangukia majivuni.

Surua ilifika kijijini kabla ya mvua kubwa. Iliingia nyumba moja baada ya nyingine, mstari kwa mstari. Wadogo zangu wawili waliugua, macho yakawa mekundu, wakapona. Yule mtoto wa nyumba ya mbele aliugua siku sita. Mama mdogo alipeleka uji kila asubuhi, akaketi naye. Siku ya tano, mchana, joto likiwa limempanda, mtoto alisema mbele ya mama yake na wanawake wengine wawili: "Mama wa Ukungu amekuja kunichukua. Yule pale." Mama mdogo alikuwa ameingia wakati huohuo na bakuli mkononi.

Alifariki kesho yake, asubuhi.

Sitaki kumsema vibaya mama wa mtoto yule. Alikuwa amebakiwa na huyo mmoja. Alishika neno la mwisho alilolielewa kutoka kinywani mwa mwanawe, na mtu mwenye msiba kama ule hawezi kuachia alichokishika. Siku ya tatu baada ya mazishi maneno yalikuwa yamezunguka kijiji chote. Yule mwanamke aliyerudi kutoka Ubaruku. Hana mtoto hata mmoja, kwa nini? Aliwaita watoto wetu jikoni kila wiki, kufanya nini? Anawachora nini sakafuni? Watoto wenyewe waliulizwa majumbani mwao, nao walieleza habari ya kikapu.

Balozi wa nyumba kumi alikuja kwetu Jumapili baada ya ibada. Alikuwa mtu mpole na alikuja kwa nia ya kuzima moto, nadhani. Alikuja na wazee wawili, na yule mama mwenye msiba akiwa amejifunga kanga kiunoni, na mabibi kadhaa waliobaki uani. Baba aliwapa viti. Mama alisimama karibu na mlango wa chumbani. Mama mdogo alikaa chini kwenye mkeka, mikono ndani ya koti. Aliulizwa, akaeleza kuwa ni mchezo wa watoto, kama hadithi nyingine zozote. Aliongea polepole kama kawaida yake, na siku ile upolepole ule ulimponza, kwa maana ulionekana kama wa mtu anayetunga.

Ndipo balozi akasema aulizwe mtoto mkubwa wa nyumba, mtoto hana sababu ya kudanganya. Wakaniita kutoka jikoni. Nilisimama katikati ya watu, miguu peku, mikono imeloa maji ya vyombo.

"Usiogope," balozi aliniambia. "Je, umewahi kumsikia mama yako mdogo akisema kuwa yeye ndiye anayechukua watoto?"

Nilijua vizuri anachouliza, na nilijua vizuri jibu linalotakiwa kutolewa: kwamba aliyasema hayo kwa sauti ya Mama wa Ukungu, kokwa likiwa mkononi, sisi sote tukisikiliza. Ni maneno kama kumi tu. Nilimtazama mama mdogo, naye akanitazama bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyeona mzigo wake umepokelewa. Na wakati ananitazama hivyo, lililonijia mimi ni punje ya madoadoa.

"Ndiyo," nilisema.

"Alisema hivyo kwa kinywa chake?"

"Ndiyo. Alisema, mimi ndiye ninayechukua."

Basi. Nikaambiwa nirudi jikoni, nikarudi. Nilisikia kule uani mwanamke mmoja akianza kulia.

Hakupigwa. Balozi alihakikisha hilo, na baba pia alisimama imara kwamba hakuna atakayemgusa mtu ndani ya nyumba yake. Lakini kuna namna nyingi za kumtoa mtu. Alipofika kisimani wanawake waliondoa ndoo zao wakangoja kando mpaka achote aondoke. Aliposema "Kamwene" njiani, salamu ilianguka chini pale pale. Watoto walikatazwa kupita mbele ya nyumba yetu. Wadogo zangu walimuuliza lini tutacheza tena, akawaambia vipande vya mwanzi vimepotea. Havikupotea. Niliwahi kuviona kwenye moto, vikiwaka, siku moja nikipika chai.

Baada ya wiki tatu baba alizungumza naye uani, na sikusikia walichosema. Asubuhi ya kuondoka kwake mama alimfungia mahindi ya kuchemsha na viazi, akamvalisha lile koti alilotaka kuliacha. Walishikana mikono muda mrefu. Mimi nilijifanya nafagia. Alipita karibu nami, akaniwekea kiganja kichwani kidogo, akaendelea mpaka barabarani linakopita gari la Mafinga. Ukungu ulikuwa mzito, na hatukuona gari lilipomchukua. Tulilisikia tu.

Miaka mitano ilipita. Nilichaguliwa kuendelea na masomo ya sekondari Mbeya, na huko, mbali na nyumbani, ndiko nilikoanza kulia kwa ajili yake. Nilikuwa nasoma hadithi nyingi wakati ule, na kila nilipofika kwa mtu mbaya wa hadithi nilijiuliza alikuwa na shida gani. Wenzangu walinicheka, walisema nawatetea wachawi. Likizo moja sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipanda basi la kuteremka Igurusi na Chimala, nikashuka njia panda, nikapata lori la kwenda Ubaruku.

Nilimkuta kwenye mashine ya kukoboa mpunga, anapepeta chenga za mchele pamoja na wanawake wengine, vumbi la pumba limempaka nyusi zote nyeupe. Nilidhani hatanitambua, nilikuwa nimerefuka. Alinitazama mara moja tu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na jua lote hili."

Aliishi chumba kimoja, karibu na familia ya wafugaji waliotoka kaskazini na ng'ombe wao. Mama wa familia ile alituletea maziwa ya mgando bila kuombwa, na nilifurahi kuona kuna mtu anayeingia mlangoni kwake bila kubisha. Watoto wao walikuwa wanacheza nje, wengi, wa rika lile lile letu la zamani. Nilimuuliza kama huwa anawasimulia hadithi. Akasema hapana. Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayekwambia hali chakula fulani.

Alipika wali, akanipa sehemu kubwa. Nilishindwa kula. Nikamwambia nililokuja kumwambia, kwamba siku ile nilijua, kwamba sikuwa nimechanganyikiwa wala kutishwa, na nikamwambia hata habari ya punje ya haragwe, ingawa kwa umri wangu wa wakati ule niliona aibu kuitaja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akisawazisha wali wake kwa vidole.

"Ulisema niliyoyasema," alijibu. "Hukusema tu kwamba tulikuwa tunacheza."

Nilingoja aongeze. Nilingoja anisamehe, au anifukuze, chochote ambacho ningeweza kuondoka nacho. Akaniuliza kama Mbeya kuna baridi kama ya kwetu. Nikasema ipo. Akasema nile, wali unapoa.

Ndipo akanieleza, kwa kuwa nilikuwa nimekua, habari ya watoto wake watatu, kila mmoja na homa yake, na mume aliyesema hawezi kuishi na mwanamke ambaye nyumba yake haishiki mtoto. Wa mwisho alikuwa ameshaanza kusimama. Alieleza kwa kifupi sana. Nilitambua kwamba habari yote ile nilishawahi kuisikia, jikoni kwetu, mvua ikinyesha, na kwamba katika watu wote waliokuwepo ni mtoto wa miaka sita peke yake aliyempa pole.

Alfajiri alinisindikiza mpaka lorini. Hatukuonana tena. Mwaka wa pili baada ya hapo zilikuja habari kwamba ameugua tumbo na kufariki, na kwamba wale wafugaji jirani zake ndio waliomzika. Habari zilichukua wiki tatu kutufikia.

Nilikuwa nyumbani siku hiyo. Mama alilia kwa siku mbili, na siku ya tatu aliinuka akaenda shamba, kwa sababu viazi vilikuwa tayari. Nilimfuata. Nilikuwa nimeshaamua kumuuliza. Tulipokaa kupumzika mwishoni mwa tuta nikamuuliza kwa nini siku ile ya balozi yeye hakusema kitu. Alikuwa amesimama pale mlangoni. Alijua kuwa ni mchezo, alikuwa ametusikia kila wiki akicheka chumbani.

Mama alipangusa udongo kwenye jembe kwa kidole gumba.

"Mimi nilikuwa nabaki hapa," alisema. "Na ninyi wanne. Yeye alikuwa na pa kwenda."

Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa nimebeba hasira hiyo tangu Mbeya, nikiamini kwamba yeye mtu mzima ndiye aliyepaswa kusema, si mimi mtoto. Lakini alikuwa amenijibu kweli, na niliitazama mikono yake, nikawaza zile nyumba za mistari, na kisima, na ndoo zikiondolewa. Tukachimba mpaka tuta likaisha.